Jozi

Mama yake ni vizla wa ukoo, rangi ya kutu,
ana vyeti na mhuri.
Baba yake aliruka ua usiku mmoja wa Novemba
na hakuacha jina.

Kwa hiyo Ödön wa posta hakututoza kitu.
Alimleta ndani ya kapu la tufaha:
wiki nane, masikio kama ya kuazima,
nyayo za mbwa ambaye bado hajafika.

Lilla akasema ana rangi ya dió,
na dió kwetu ni jozi,
ile tunayoipasua kwa nyundo usiku wa Krismasi.
Likawa jina.
Tulisahau kwamba maneno huumba.
Tangu siku hiyo hakuna jozi iliyobaki jozi:
kandambili ni moja, soksi ni moja,
glavu ya Bendegúz imebaki kidole gumba.

Saa nane usiku, tena saa kumi,
nilimbeba kama sufuria inayotaka kufurika
nikasimama naye thelujini,
mimi na koti la mume wangu,
yeye na tumbo lake la waridi.
Kojoa, baba. Kojoa, mwanangu.
Akanusa nyota. Akanusa buti.
Tukaingia ndani, akakojoa kwenye zulia.

Kitabu nilichoazima maktaba kinasema
amri hutamkwa mara moja.
Ukiirudia, unamfundisha
kuwa ile ya kwanza ilikuwa upepo.
Nikaufunga ukurasa huo kwa kidole,
nikawawaza watoto, vitanda havijatandikwa,
nikajiwaza mimi na simu:
Utakuja lini? Utakuja lini?

Gergő yuko Linz, anapiga lipu nyumba za watu.
Alitaka mbwa wa bata.
Fungeni bawa kwenye mpira, aliagiza, mrushieni.
Mzoesheni mshindo.
Bendegúz akagonga mfuniko mara moja tu
na mbwa wa bata akaingia uvunguni
hadi supu ilipoiva.

Lakini Lilla,
ambaye mwalimu hajaisikia sauti yake tangu Septemba,
alitoka naye shambani kwa Etelka na kamba ya mita kumi na tano,
mfukoni vipande vya maini vikimlowesha paja.
Nilikuwa naanika shuka. Nikasikia
mtu anaita, Dió, njoo!
kwa sauti nene, ya kuamrisha, kama ya diwani,
nikageuka kutafuta ni nani.

Aprili, theluji ilipobaki mitaroni tu,
akasimama ghafla katikati ya njia,
mguu mmoja juu, mkia umenyooka,
mwili mzima kidole.
Hakuna aliyemfundisha hilo.
Mbele yake palikuwa na mfuko wa nailoni
umenasa kichakani, unahema.
Tulisimama wote watatu nyuma yake
kwa heshima.

Jumapili iliyofuata akaniletea kuku wa Etelka.
Mzima. Hata unyoya haukukatika.
Alimlaza mapajani mwangu, amelowa mate,
na kuku akanitazama kwa jicho moja
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Meno yale yale yaliyotafuna mguu wa kabati!
Nikampeleka kuku kwao chini ya aproni.
Etelka hajui mpaka leo.

Sasa ana miezi kumi. Zulia limekauka.
Usiku hulala mlangoni, na buti la Gergő
la kushoto, lile la kazi, lenye chokaa,
ameliweka katikati ya miguu ya mbele.
Halitafuni. Amelishika tu,
kwa mdomo ule wa kuku.

Achia, nasema. Mara moja,
kama kitabu kinavyotaka.

Ananitazama. Haachii.
Nami sirudii.